Aliyeiba Hakuwa Gidamis

Tlawi, Jumapili jioni

Mwanangu Lohay,

Mambo ya blanketi, sweta na kutokula ovyo stendi mama yako ameshakwambia, tena mara nyingi kuliko ulivyotaka kusikia. Mimi siongezi. Nimekaa dukani, nimefunga mlango wa mbele ili watu wasije kutoa kopi siku ya Jumapili, na ninaandika kwa kalamu. Kuna kompyuta hapa mbele yangu, lakini barua hii sitaki ipite humo.

Juzi ulinionyesha ile kompyuta uliyopewa na mjomba wako. Ukasema chuoni wanafunga kurasa nyingi kwenye mtandao wao, kwa hiyo utaweka VPN, ile ya kubandika kwenye brauza. "Ni ya bure, baba, na ina nyota tano." Ukadhani sijui VPN ni nini, ukaanza kunieleza taratibu kama unavyomweleza bibi yako: kwamba inapitisha mtandao wako kwa mlango mwingine, kwamba unaonekana kama uko nchi nyingine, kwamba mwenye mtandao wa chuo hataona unafungua nini. Nilikuacha ueleze mpaka ukamaliza. Nilikuwa natazama midomo yako nikisikia maneno yangu mwenyewe.

Leo baada ya misa, wakati wewe umekwenda Mbulu mjini kuchukua tiketi, nilisimama mbele ya watu nikasema jambo. Kesho stendi utalisikia, kwa sababu hapa Tlawi habari haikai ndani. Nataka ulisikie kwangu kwanza. Linamhusu Gidamis.

Wewe unamkumbuka Gidamis kama mtu aliyekufundisha kuendesha baiskeli, halafu kama mtu ambaye jina lake halitajwi nyumbani kwetu. Sijawahi kukueleza vizuri ilikuwaje akatoka huku akafika kule. Tulikutana kwenye kozi ya kompyuta Mbulu mjini, watu wazima wawili katikati ya mabinti waliomaliza kidato cha nne. Yeye ametoka Mogitu, huko Hanang, kwa watu wa ng'ombe, mimi nimetoka huku kwenye mashamba ya milimani. Alikuwa anachapa kwa kidole kimoja, polepole, lakini hakosei. Mimi nilichapa kwa vidole vyote na nikakosea sana. Tulipofungua duka hili, kompyuta ilikuwa yangu, printa ilikuwa yake. Ulipobatizwa yeye ndiye aliyekushika, ukamkojolea shati jeupe alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo. Hakukurudisha kwa mama yako. Alikushika hivyo hivyo mpaka padri akamaliza.

Sasa nitakwambia kuhusu mpira.

Ulikuwa kidato cha nne. Kulikuwa na tovuti inayoonyesha mechi za Ulaya, lakini ukiifungua kutoka hapa inakwambia huduma haipatikani nchini kwako. Mteja mmoja akaniambia, "Weka VPN, Baba Lohay, mbona rahisi." Nikaingia pale ambapo brauza inahifadhi viendelezi vyake, vile vijiprogramu vya kuongeza, nikaandika VPN, ikaja orodha ndefu. Nikachagua iliyokuwa juu. Ya bure, nyota nyingi, alama ya ngao ya bluu. Nikabonyeza. Kikaja kisanduku kidogo kikiniuliza kama nakubali kiendelezi hicho kisome na kubadilisha data zangu zote kwenye tovuti zote ninazofungua.

Zote, kwenye tovuti zote. Ilikuwa imeandikwa hivyo, hawakunificha. Na mimi ndiye ninayewasomea wazee mikataba ya kukodisha mashamba hapa hapa dukani, neno kwa neno, nikiwaonya wasiweke dole gumba kwenye kitu wasichokielewa. Nikabonyeza kukubali kwa sababu mechi ilikuwa imeshaanza.

Kesho yake Gidamis alikiona. Alikuwa na jicho la kuona kitu kilichoongezeka, nadhani ni kwa sababu ya kuhesabu mifugo tangu utotoni.

"Hii ngao hapa juu ni ya nini?"

"Ni ulinzi," nikamjibu.

"Nani ameileta?"

"Ni ya bure. Inatulinda tukiwa kwenye mtandao."

Akaitazama kwa muda. "Huyu anayetulinda bure," akasema, "yeye anakula wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia huu ni mtandao, siyo zizi. Akacheka na yeye, akaendelea na kazi. Neno "zizi" nililisema bila kufikiri, lakini nadhani alilisikia.

Wiki zilizofuata kompyuta ilibadilika kidogo. Matangazo ya kubeti yalianza kutokea kwenye kurasa ambazo hazikuwa nayo. Nikitafuta kitu, nilipelekwa kwenye ukurasa mwingine kwanza, halafu ndipo ule ninaoutaka unafunguka. Niliona, lakini sikujali. Nikasema ni mtandao wa huku, uko hivyo. Mechi zilikuwa zinaonekana vizuri.

Ndipo ukaja msimu wa kuomba vyuo. Unajua duka linavyokuwa. Vijana wamejaa kwenye benchi, kila mmoja na vyeti vyake kwenye mfuko wa nailoni. Wengi hawakuwa na barua pepe, kwa hiyo tuliwafungulia sisi, na paswedi tukaziandika kwenye daftari moja jekundu ili wasisahau. Daftari lilikuwa na watu wawili wa kulifungua, mimi na Gidamis. Kumbuka hilo, kwa sababu mimi nililikumbuka kupita kiasi.

Agnesi, binti wa Mzee Tluway, aliomba uuguzi. Alikuwa wa kwanza kwao kumaliza kidato cha sita. Akachaguliwa, tena na vyuo viwili, kwa hiyo ilibidi athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye barua pepe yake. Alikuja siku mbili kabla ya dirisha la kuthibitisha kufungwa. Nikaandika paswedi kutoka kwenye daftari, ikakataa. Nikaandika tena. Gidamis akaandika kwa kidole chake kimoja, ikakataa. Tukajaribu kuibadilisha, tukaona namba ya simu iliyowekwa pale si yetu. Mtu alikuwa ameingia akabadilisha kila kitu. Tulipiga simu chuoni, haikupokelewa. Gidamis alikwenda Mbulu mjini kutafuta mtu wa kutusaidia, akarudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope, hakupata kitu. Dirisha likafungwa.

Agnesi alikuwa amekaa pale kwenye benchi. Hakulia. Aliniuliza, "Kwa hiyo nikifika nyumbani nimwambie nini baba?"

Wiki hiyo hiyo tukagundua akaunti za wengine nazo zimechukuliwa, pamoja na ya kwangu. Wengine walikuwa wameshathibitisha, hawakupoteza kitu. Ni Agnesi peke yake aliyepoteza mwaka.

Hapa ndipo nataka unisikilize, mwanangu, siyo kwa sababu nina jambo la hekima bali kwa sababu nilifanya jambo baya na nililifanya kwa hesabu nzuri kabisa. Nilikaa nikafikiri. Nani anazijua paswedi hizi? Watu wawili. Mimi sikufanya. Basi ni yeye. Halafu nikakumbuka kwamba mpwa wake Gidamis amepata nafasi kwenye chuo kile kile alichokitaka Agnesi. Nikaunganisha. Nikakumbuka siku fulani alibaki dukani peke yake. Nikaunganisha. Nikakumbuka alivyokuwa anakitazama kile kialama cha ngao, nikajiambia, kumbe alikuwa anaogopa ulinzi utamkamata. Unaona jinsi shaka inavyofanya kazi ikishapata mtu wa kumkalia? Kila kitu kinageuka ushahidi. Hata vumbi la kwenye kope niliona ni maigizo.

Mzee Tluway aliitisha kikao ofisi ya kijiji. Watu walikuwa wengi. Nilisimama nikasema paswedi zinajulikana na watu wawili, mimi sikufanya, na mpwa wa mwenzangu amekwenda chuo hicho. Nilisema kwa upole, kama mtu anayesikitika. Mtu mmoja nyuma akasema kwa Kiiraqw chetu neno baya kuhusu watu wa Hanang, lile ambalo wewe na mimi tunalijua, na watu wakacheka. Sikulikemea. Nililihitaji, Lohay. Lilinisaidia.

Mwenyekiti akamwambia Gidamis ajibu. Alisimama, hakunitazama mimi, alimtazama Mzee Tluway.

"Shikamoo mzee," akasema kwanza. Mzee hakuitikia. Ndipo akanigeukia. "Kompyuta ni yako. Umeiangalia?"

"Kompyuta haina mikono," nikamjibu.

Watu wakacheka tena. Gidamis akakaa. Kesho yake alikuja na pikipiki akafunga printa yake nyuma kwa mipira, akaondoka kwenda Mogitu. Mimi nilibaki na duka, na watu wakanisifu kwa kumfichua mtu niliyekula naye.

Mwaka uliofuata Agnesi aliomba tena. Alikuja kwangu kwa sababu aliamini mwizi ameshaondoka. Wakati huo nilikuwa nimenunua kompyuta nyingine, hii unayoijua. Nilipoingia kwenye brauza kwa akaunti yangu, kila kitu cha zamani kilikuja chenyewe: kurasa nilizohifadhi, paswedi, na ile ngao ya bluu juu pembeni. Nilifurahi kuiona. Daftari jekundu nilikuwa nimelichoma, na paswedi ya Agnesi tuliijua mimi na yeye tu.

Haikupita wiki tatu alikuja mbio akiwa na simu mkononi. Safari hii alikuwa ameweka namba yake mwenyewe, na simu ilikuwa imemwonya kwamba mtu wa mbali ameingia kwenye barua pepe yake. Aliwahi kubadilisha paswedi kwenye simu ile ile, njiani, kabla hajafika kwangu. Hiyo ndiyo iliyomwokoa. Mimi sikumwokoa. Sasa yuko chuoni mwaka wa pili, anasomea uuguzi, na ukienda kumsalimia atakupokea vizuri kuliko ninavyostahili.

Jioni ya siku ile Mzee Tluway alikuja dukani. Hakukaa. Alisimama mlangoni na fimbo yake.

"Safari hii Gidamis hayupo," akasema.

"Ni kweli, mzee."

"Na daftari halipo."

"Halipo."

Akanitazama muda mrefu kama mtu anayemtazama ng'ombe anayemshuku ana ugonjwa. Halafu akaondoka. Sikuwahi kutazamwa hivyo maishani. Nilitaka kumkimbilia nimwambie mzee, mimi unanijua, nimekaa hapa tangu nizaliwe. Ndipo nikatambua kwamba Gidamis naye angeweza kusema maneno hayo, na hakuna ambaye angeyasikiliza.

Asubuhi nilibeba kompyuta mpaka Babati, kwa dada mmoja fundi niliyeelekezwa. Aliifungua, hakuuliza maswali mengi. Alikwenda moja kwa moja kwenye viendelezi.

"Hii umeweka wewe?"

"Ndiyo. Ni VPN. Ni ulinzi."

"Inakulinda na nani, baba?"

Alinionyesha jambo moja baada ya jingine, naye wala hakuwa na haraka. Kwanza, kiendelezi kile kilikuwa kimeshaondolewa kule nilikokitoa, kimefungiwa, lakini kwangu kilikuwa bado kinafanya kazi. Pili, kilikuwa na mwenye mali mwingine. Wale waliokitengeneza walikiuza, na aliyekinunua alikibadilisha kimya kimya, hata kabla mimi sijakiweka. Nikamwambia lakini tovuti za vyuo zina alama ya kufuli, si ina maana hakuna anayeweza kusoma? Akaniambia kufuli linazuia wa njiani. "Huyu hakuwa njiani. Ulimkaribisha ndani ya brauza, anaona unachoandika kabla hakijafungwa." Kila paswedi niliyoiandika kwenye brauza ile, yangu na ya watoto wa watu, ilipita mbele ya macho yake. Na VPN yenyewe haikuwa inalinda kompyuta nzima kama nilivyodhani. Ilifunika brauza tu.

Akanifungulia nakala ya zamani ya ukurasa ambapo watu waliisifu. Tukasoma pamoja. Sifa nyingi zilikuwa fupi, za maneno yale yale, nyingine zimeandikwa siku moja. Chini kabisa, ambako mimi sikufika, kulikuwa na mtu aliyeandika kwamba tangu aiweke akaunti zake zinaingiliwa. Alikuwa ameandika kabla mimi sijaiweka.

Kwa hiyo ukiniuliza nikwambie VPN ipi ni nzuri, sijui, na anayekwambia anajua bila kusita mtazame vizuri. Zipo za watu waaminifu, huyo dada alisema hivyo na ninamwamini kwa kiasi. Lakini ukitaka kuweka moja, usianze na nyota tano. Anza na nyota moja, soma waliolalamika, ndio waliokuwa na sababu ya kuandika. Tafuta jina la kampuni na mahali ilipo. Ukikuta hakuna jina, au kuna jina tu na anwani haieleweki, acha. Uliza inapata wapi hela za kuendesha mitambo yake kama wewe hulipi. Hili Gidamis aliliuliza mara moja tu, kabla ya fundi yeyote, na nikamcheka. Ikiomba kusoma kila ukurasa, jiulize inataka kwenda nawe mpaka wapi. Na hata ukiridhika leo, rudi uitazame baada ya miezi, kwa sababu inaweza kubadilisha mikono bila wewe kuambiwa. Usiyoitumia iondoe. Mambo ya akaunti za chuo na benki yafanyie kwenye brauza nyingine isiyobandikwa kitu chochote. Na hapa nchini VPN zina kanuni zake, kwa hiyo kabla ya yote nenda kwa watu wa kompyuta wa chuo uwaulize, hata kama wenzako watakucheka. Nimeandika mengi kuliko nilivyokusudia. Nenda uyapime na wewe, usiyachukue kwa sababu nimeyasema mimi.

Kutoka Babati sikurudi nyumbani. Nilipanda gari la Katesh nikashuka Mogitu.

Nilimkuta Gidamis shambani kwake, anapanga miiba kwenye ukuta wa zizi. Aliniona tangu mbali, akaendelea na kazi mpaka nikafika. Tukasalimiana kama watu. Nikamweleza yote, ngao, fundi, mwenye mali mpya, Agnesi. Nilieleza sana kuhusu kompyuta. Nadhani nilitumaini kwamba nikieleza vizuri namna nilivyodanganywa, nitakuwa na mimi mmoja wa walioibiwa.

Alinisikiliza. Kisha akauliza, "Imekuchukua muda gani kujua?"

"Mwaka mmoja na miezi."

"Mimi nilijua siku ile ile," akasema. "Nilijua si mimi."

Nikamwomba msamaha. Nikamwomba arudi dukani. Akaweka tawi la miiba chini, akajifuta mikono.

"Ulinisema wapi?"

"Ofisi ya kijiji."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Basi kaseme pale pale, mbele ya wale wale. Na lile neno lililosemwa nyuma, ulitaje. Ukishafanya hivyo tutaongea. Dukani sirudi, usiniombe tena."

Nikamwahidi. Mke wake alitupa maziwa, nikanywa, nikaondoka. Ndani ya gari nilijisikia mwepesi, nikaona jambo limekwisha.

Hiyo ilikuwa mwaka jana, Lohay. Nilirudi Tlawi nikawaita wenye akaunti mmoja mmoja, nikawaambia wabadilishe paswedi, kwamba "mtandao uliingiliwa." Uliingiliwa. Nilichagua neno lisilo na mtu ndani yake. Kwa Mzee Tluway nilisema hivyo hivyo. Alitikisa kichwa, na sijui kama aliniamini. Kuhusu Gidamis sikusema. Kila Jumapili nilijiambia ijayo. Kulikuwa na mavuno, halafu kulikuwa na mvua, halafu mama yako alikuwa mgonjwa. Niliogopa nini? Wateja, ndiyo. Lakini zaidi niliogopa wewe. Ulikuwa umefika umri wa kunitazama kwa makini, na nilitaka uende chuo ukiwa na baba aliyemfichua mwizi.

Halafu juzi ukanionyesha nyota tano.

Usiku huo sikulala vizuri, na siyo kwa sababu ya mtandao. Niliona kwamba nikikukataza tu, utauliza kwa nini, na nitakudanganya. Nisipokukataza, utabonyeza. Hakukuwa na njia ya kukuonya ambayo haipiti kwa Gidamis.

Leo baada ya misa mwenyekiti aliwaita watu ofisini kwa habari za barabara. Nilimwomba nafasi mwishoni. Nilisimama pale pale niliposimama siku ile. Nilisema nilibandika kitu kwenye kompyuta yangu ili nitazame mpira, kwamba kitu hicho ndicho kilichoiba, kwamba Gidamis aliniambia niiangalie kompyuta na nikamjibu kwa dharau. Nilisema mpwa wake alipata nafasi yake kwa haki. Nikalitaja na lile neno, kwa Kiiraqw, kama lilivyosemwa, na nikasema nililisikia na nikalifurahia. Hapo hakuna aliyecheka. Aliyelisema siku ile alikuwepo, akatazama dirisha.

Mzee Tluway akainuka. Nilidhani atanilaani.

"Siku ile alinipa shikamoo," akasema. "Sikumwitikia." Akakaa.

Watu walitoka bila kuniaga. Wawili wamenipigia mchana huu kuniambia watachukua vyeti vyao kesho, wanataka kwenda kwa mtu mwingine wa Mbulu mjini. Nimewaambia ni haki yao, na nimewaambia wamkague na huyo.

Saa kumi nilimpigia Gidamis.

"Nimesikia," akasema kabla sijaanza. "Neno ulilitaja?"

"Nimelitaja."

Nilisikia kengele za mbuzi upande wake. Sikujua kama anafikiri au ameweka simu chini.

"Lohay anasafiri lini?"

"Kesho. Basi la Singida."

"Linapita huku saa ngapi?"

Nikamwambia. Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni yeye, na nimeshindwa kumpigia tena kuuliza.

Kwa hiyo sijui kesho Mogitu kutakuwa na mtu au hakutakuwa. Nakueleza ili usishtuke. Basi husimama pale kidogo, watu wakinunua mahindi ya kuchemsha. Kama hayupo, kaa kwenye kiti chako, usimtafute na usimhukumu. Ana haki ya kutokuja.

Lakini kuna jambo moja ambalo leo ofisini sikulisema, kwa sababu ni letu mimi na wewe. Mwaka ule alioondoka, tulikwenda mnadani Katesh kuuza dume. Ulikuwa mbele yangu, umeshika kamba. Gidamis alikuwa amesimama karibu na wauza shuka. Alikuona, akatabasamu, akanyoosha mkono. Wewe ukageuza uso ukapita. Kijana mwenye adabu kama wewe, aliyemwamkia hata mlevi wa kijijini, ukampita baba yako wa ubatizo kama mti. Mkono wake ulibaki hewani, halafu akajikuna nao kichwa, kama alikuwa ameunyanyua kwa ajili hiyo.

Nilikuwa nyuma yako. Niliona yote, na nilifurahi. Nilikununulia soda kwa ajili hiyo, na hukujua ni ya nini.

Kosa hilo ni langu, hukulifanya wewe. Usilibebe kwenda nalo chuoni. Akiwepo kesho, shuka kwenye basi.

Baba yako